Folda ya Baba wa Ng'ambo

Sipendi kuulizwa faili liko wapi. Hata kabla ya mambo ya Machi tisini na tisa nilikuwa sipendi, na aliyeniuliza kwa sauti ya juu nilimjibu kwa sauti ya juu zaidi, awe bosi awe mfagizi. Nilikaa miaka tisa kwenye masijala ya shirika moja la umma pale mjini Mwanza, nikitunza mafaili elfu nne kwenye rafu za chuma, na sikuwahi kupoteza hata ukurasa mmoja. Kisha shirika likauzwa, tukagawiwa barua za kupunguzwa kazi, nikaondoka na mkoba wangu na hasira zangu. Kwa hiyo Zeenat aliponiajiri kiwandani kwao, niliingia pale kama mtu aliyekuja kuwaonyesha watu kazi.

Kiwanda kilikuwa cha mzee Fatehali, ufukweni upande wa Mkuyuni. Kilikata minofu ya sangara ikaenda Ulaya kwa ndege. Zeenat, mke wa mwanawe, ndiye aliyeendesha ofisi, mwanamke mwembamba mwenye haraka, anaongea na simu huku anasaini hundi huku anakufokea wewe. Kompyuta zilikuwa mbili, za mtumba, na ndani yake mlikuwa na uchafu ambao sijauona hata sokoni siku ya mvua. Kila karani aliyepita aliweka barua zake alipotaka. Kulikuwa na faili linaitwa Barua, jingine Barua Mpya, jingine Barua Mpya Kabisa, na jingine Usifute. Mtu akiomba likizo tulipoteza nusu siku kutafuta kama mwaka ule alishaenda au hakwenda.

"Paskazia," Zeenat akaniambia, "nataka mtu yeyote akikaa kwenye kiti hiki, hata mimi, hata mzee ambaye hajui kuwasha, apate faili la mfanyakazi kabla chai yake haijapoa. Siku ukiugua tukufuate hospitali kukuuliza?"

"Nipe miezi miwili, Madam. Na hao makarani wako waambie wasiguse."

Nilitumia miezi miwili na siku nne. Wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja folda yake kwa jina lake, A mpaka Z. Ndani ya folda nikaweka mkataba, karatasi ya ugonjwa na likizo, na karatasi ya ndugu wa karibu, basi. Yale mafaili ya zamani ya karatasi Zeenat alisema yanakula nafasi, yakauzwa kwa kilo kwa wauza karanga. Mwezi mzima ukinunua karanga pale sokoni Mkuyuni zinakuja zimefungwa kwenye barua ya likizo ya mtu unayemfahamu.

Siku ya kukabidhi, Zeenat alikaa mwenyewe kwenye kiti, akavua saa akaiweka mezani, akataja majina matano yaliyomjia. Yote aliyapata, hakuna hata moja lililofika dakika. Akapiga makofi peke yake. Nilijisikia vizuri sana, sitawadanganya.

Sasa hapa ndipo penye aibu yangu. Mimi ni mtu wa Muleba niliyeolewa Sengerema. Kwa wakwe zangu, mwanamke aliyeolewa hamtaji baba wa mumewe kwa jina, awepo asiwepo, na kama jina hilo analo mtu mwingine, huyo naye hamtaji, anazunguka. Baba mkwe wangu anaitwa Chenge. Miaka kumi na moja ya ndoa jina hilo halikuwahi kunitoka mdomoni. Hata dukani nilikuwa siombi chenji, naomba zilizobaki. Dada zangu walinicheka mpaka wakachoka, lakini mimi nilishikilia, kwa sababu siku naolewa kuna shangazi alisema Wahaya hatuna adabu, na mimi si mtu wa kuambiwa sina adabu.

Na kiwandani alikuwepo Chenge mwingine, nahodha wa boti namba nne, iliyokwenda visiwani kukusanya sangara. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega kama mlango. Kwao nako ni Sengerema, ng'ambo ya ghuba kwa kivuko, na alijua vizuri kwa nini simtaji. Ilikuwa ni starehe yake. Kila akishusha samaki alipanda ngazi za ofisi na makoti yake ya mvua, akasimama mlangoni, akaniita mkamwana wake.

"Mkamwana, taja jina langu nikupe sato."

"Shikamoo, baba. Kaa na sato wako."

"Marahaba. Basi leo utakula mboga za majani."

Na sato alimwacha hapo hapo juu ya meza, amefungwa kwenye gazeti. Kila wiki. Baba yangu mzazi alikufa nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini nilimpenda mzee yule.

Nilipofikia faili lake vidole vilikataa. Nikaipa folda jina la Baba wa Ng'ambo, na ndani, kila palipotakiwa jina, nikaandika Nahodha wa Boti Na. 4. Nilijiambia nitamweleza Zeenat. Lakini Zeenat alikuwa akimwita baba mkwe wake Fatehali mchana kweupe, mbele ya wapakiaji, na kuna siku nilimsikia anamwita kwa kumfokea. Nitaanzia wapi kumweleza mtu kama huyo? Nikaona aibu, siku zikapita, na yeye katika majina yake matano hilo hakulitaja.

Mwezi wa tatu Ulaya wakasimamisha kununua sangara wetu. Walisikia kwamba kuna wavuvi wanamwaga sumu ziwani ili wapate samaki wa haraka. Zeenat akaenda Dar es Salaam kuhangaika na maofisa, zamu za kukata minofu zikafungwa, na watu mia mbili wasiokuwa na la kufanya wakawa wanashinda nje ya geti wakiongea mambo ya sumu kutoka asubuhi mpaka jioni. Samaki kidogo waliendelea kuingia kwa ajili ya soko la hapa nchini, na mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki minofu ikishakatwa, yaliendelea kuuzwa kwa wanawake wanaoyakaanga. Ndiyo ilikuwa nyama ya maskini wa Mkuyuni.

Jumanne tarehe kumi na sita mtoto wa Okeyo akafa. Okeyo alikuwa mvuvi, jitu la watu, mpole. Binti yake wa miaka mitano alikula mapanki Jumatatu jioni, na kabla ya jua kuwaka akafa anatoa povu mdomoni. Wanawake wa mapanki wanajua kila shehena ilikuja na boti gani, maana wanaipangia foleni. Wakasema haya yalikuwa ya boti namba nne, ya Jumamosi. Boti namba nne ni ya nani? Ni ya Chenge. Alhamisi, Mkuyuni nzima ilikuwa inalijua jina la muuaji.

Mimi nilikuwa najua kitu ambacho wao hawakukijua. Chenge hakugusa boti ile wiki nzima. Tarehe tisa aliugua akiwa kwao ng'ambo, akalazwa, na mwanawe akavuka na kivuko kuniletea barua ya daktari. Nikainakili kwenye folda yake, nikamrudishia mwanawe, nikamwita msaidizi wake Ndalahwa nikampa funguo za boti, na hilo nalo nikaliandika. Ndalahwa alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye maneno mengi, anapenda kuvaa miwani ya jua hata ndani ya stoo. Sikuwa na ugomvi naye.

Alhamisi hiyo saa saba mchana nilikuwa sokoni nakula wali maharage. Chenge ametoka hospitali, amevuka na kivuko, hajasikia lolote, anakuja zake kazini na begi begani. Haya ya mwanzo alinisimulia mzee Odero, askari wa geti, baadaye. Watu walimwona anatokea kwenye kona wakamzunguka. Yeye akawaamkia. Okeyo akamshika kola.

Odero alikuwa na rungu tu, na umri wa miaka sitini na mbili. Alimsemesha Okeyo Kijaluo, akamwambia asubiri, kila nahodha ana faili lake ofisini, faili litasema alikuwa wapi Jumamosi. Okeyo akakubali. Mtu aliyemzika mtoto wake jana yake alikubali kusubiri karatasi. "Leteni hiyo karatasi," akasema, na watu wakatulia. Chenge alipotaka kufungua begi atoe cheti cha hospitali, Ndalahwa, aliyekuwa hapo hapo mbele, akamnyang'anya begi akalirusha ziwani. Alisema labda lina sumu.

Juu, Zeenat aliyerudi jana yake kutoka Dar akayasikia hayo dirishani, akakaa kwenye kile kiti. Akafungua herufi C. Akaona Chacha, Charles, Chausiku, kisha Clement. Akarudia. Akatafuta mara ya tatu kwa jina la baba wa nahodha. Halafu akatoa kichwa dirishani akasema maneno manne, na nia yake ilikuwa kuwaambia waningoje mimi nirudi.

"Hakuna Chenge humu ndani!"

Hayo niliyasikia mwenyewe, maana nilikuwa nimefika nyuma ya umati. Mtu mmoja akapiga kelele, "Wamemfuta! Wahindi wamemfuta!" na hapo ndipo pigo la kwanza lilipoanguka.

Ndalahwa ndiye aliyepiga. Alikuwa na kasia la mti mgumu, akalishusha kwenye mkono wa Chenge, na mfupa ukalia mpaka nilipokuwa. Baada yake wakaingia wote. Nimekulia kijijini, nimeona ng'ombe wakichinjwa, lakini sijawahi kuona watu wanapigania nafasi ya kumpiga mtu, wanasukumana, "nipishe na mimi, nipishe na mimi." Walikuwepo wanawake niliokula nao. Alikuwepo kijana anayeniuzia karanga. Jiwe likamwingia Chenge kwenye jicho la kushoto akakaa chini, akainuliwa kwa masikio ili apigwe vizuri.

"Nilikuwa hospitali," alikuwa anasema. "Jamani, nilikuwa hospitali."

"Nani aliendesha boti?" Okeyo akamfokea usoni. "Kama si wewe ni nani?"

"Sijui. Nilikuwa hospitali."

Nikajitupa katikati. Sikumbuki nilipitaje. Nilimng'ata mtu mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu, nikafika mbele, nikasema kwa sauti yangu ya masijala, "Kalazwa toka tarehe tisa! Barua niliipokea mimi kwa mikono yangu! Mwacheni!"

Wengine wakasita. Okeyo akanitazama. Na Ndalahwa, ambaye alipokea funguo kutoka kwenye mkono wangu huu, akasema, "Msimsikilize. Huyu ni mke wa mzee. Kila wiki analetewa sato, hamjui? Muulizeni!" Akanipiga na mpini wa kasia mdomoni. Meno mawili yakatoka. Niliyatema mkononi, nikayatazama, na nadhani pale ndipo nilipobadilika nikawa kama wao.

"Karatasi!" Okeyo akasema. "Kama ni kweli, mama, lete karatasi." Bado alikuwa anataka karatasi, maskini.

Geti lilikuwa limefungwa na watu wamelibana. Ukuta wa kiwanda unaishia ndani ya ziwa, hatua kumi hivi kutoka ukingoni. Nikaingia majini na sketi yangu, nikazama mpaka kifuani kwenye magugu maji yaliyojaa kama mkeka mnene, nikayavuta kwa kucha mpaka nikaupita mwisho wa ukuta. Nilikuwa naisikia sauti ya Chenge upande wa pili. Alikuwa hasemi tena maneno, anatoa mlio tu, mmoja kwa kila pigo. Nikapanda ngazi natiririka maji na damu.

Zeenat alikuwa bado kitini, mikono juu ya kibodi.

"Liko wapi?" akaniuliza. "Paskazia, umeliweka wapi?"

"Kwenye B."

"B? Kwa nini B?"

Nilimsukuma, nikafungua Baba wa Ng'ambo, nikafungua karatasi ya ugonjwa na likizo, nikaamuru ichapwe. Printa yetu ilikuwa ya zile za sindano, inatoa mstari mmoja, inapumua, inarudi. Nilisimama pale nikiitukana kwa Kihaya. Nje mtu alikuwa anauliza kama kuna mwenye petroli.

Zeenat ndiye aliyeichana karatasi ikiwa bado inatoka, akaisoma haraka. Akanitazama. "Jina lake halimo."

"Nitalisema mimi."

"Na hili la chini?" Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ambao niliuandika vizuri na kwa ukamilifu, kama masijala walivyonifundisha: Nafasi yake imeshikwa na Bw. Ndalahwa Masanja tangu 10/3/99, amekabidhiwa funguo. "Paskazia, huu usiusome. Umenisikia? Kunja hapa."

Nikakunja. Niliona kabisa alichokiona. Nikaukunja mstari ule nyuma, nikaupitishia kucha, nikaenda dirishani.

"Okeyo!" nikaita. "Karatasi hii!" Damu ilikuwa inanijaa mdomoni, nikatema nikaendelea. "Nahodha wa boti namba nne. Amelazwa kuanzia tarehe tisa Machi. Daktari kaandika alazwe mpaka tarehe kumi na sita. Barua ina sahihi ya daktari na muhuri wa hospitali, imepokelewa tarehe kumi!"

"Jina!" wakapiga kelele. "Soma jina!"

"Chenge," nikasema. "Ni Chenge. Sikuliandika kwa sababu ni jina la baba mkwe wangu, na kwetu hatutaji. Leo nimetaja. Chenge alikuwa hospitali, Chenge hakuendesha boti!"

Hakuna aliyecheka. Wengi wao wameoa, wana wakwe, wanajua mwanamke halitoi jina hilo dirishani kwa mchezo. Niliwaona wakiamini. Okeyo akauacha mkono wa Chenge, akatazama viganja vyake kama vimepakwa kitu. Wanawake wawili wakajipenyeza wakaanza kumvuta mzee kuelekea getini, na Odero akawa anahangaika na komeo afungue. Yalikuwa yamekwisha. Nataka mlielewe hilo kama ninavyolielewa mimi: pale yalikuwa yamekwisha.

Ndipo Ndalahwa akainua kasia lake kunielekea dirishani. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Muongo!" akapiga kelele. "Kaitunga mwenyewe hiyo karatasi sasa hivi! Malaya wa wazee! Mshusheni na yeye!" Akageuka akampiga Chenge teke la mbavu akiwa chini, na nikaona mguu wa mzee unaruka kama wa kuku.

Nikakunjua karatasi.

Zeenat alinishika bega. Nilisikia anasema hapana, hapana. Nikasoma mstari ule neno kwa neno, jina lake na jina la baba yake, tarehe, na funguo. Nikausoma mara mbili, kwa sauti ambayo miaka tisa iliniwezesha kusikika kutoka rafu ya kwanza mpaka ya mwisho.

Waligeuka polepole. Ndalahwa akadondosha kasia. Alisema kitu, nadhani alisema alinunua tu samaki kama kawaida, na hakika hicho ndicho alichokifanya, alinunua tu samaki. Halafu akakimbia. Upande wa barabara ulikuwa umejaa watu, akakimbilia ziwani, kwenye yale yale magugu maji, na yeye hakuwa na mtu wa kumngoja upande wa pili. Magugu yakamshika mapajani. Akaanza kurushiwa mawe akiwa amesimama vile, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Jiwe la tatu au la nne lilimpata kisogoni. Kisha wakamfuata ndani, Okeyo mbele, na kasia lile la mti mgumu.

Nilitazama mpaka mwisho. Zeenat alikaa sakafuni akaziba masikio, mimi nikatazama. Kwa muda fulani nilifurahi. Ninalisema kwa sababu padri peke yake ndiye niliyemwambia, na limebaki kunila. Pigo la kwanza na la pili nilifurahi, nikasema moyoni haya, na meno yangu hayo. Baadaye mkono wake ukatoka juu ya majani, ukashika hewa, nikaanza kupiga kelele waache. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mtu niliyewaletea kwa karatasi hawakuwa tayari kunirudishia kwa maneno.

Polisi walifika na gari moja na mabomu ya machozi baada ya nusu saa. Chenge alipelekwa hospitali kwenye gari la barafu. Ndalahwa alitolewa majini na magugu yamemzunguka.

Afisa mmoja akapanda ofisini kuandika maelezo. Alitaka kujua marehemu ni wa wapi na nani apelekewe taarifa. Nikakaa kwenye kiti, nikabonyeza N, nikabonyeza jina lake, ndugu wa karibu. Kalamu yake ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Mmepanga vizuri," akasema. "Sisi kituoni tungetafuta wiki nzima."

Zeenat alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Tangu siku ile hatukuwa tena watu wa kusemeshana. Nilimsomea afisa: mke, Milembe, makazi, Igoma, karibu na mashine ya kusaga. Nikaendelea mpaka chini.

Wiki iliyofuata bwana afya alikwenda nyumbani kwa Okeyo. Okeyo mwenyewe alikuwa ameshakamatwa. Jikoni akakuta dumu la lita tano walilohifadhia mafuta ya kukaangia. Mke wake alilinunua sokoni likiwa tupu, limesuguliwa vizuri kwa mchanga, halina karatasi yoyote juu. Ilikuwa ni dumu la dawa ya pamba, ile sumu ya kuulia wadudu shambani. Siku hizo dawa iliuzwa na kila mwenye meza barabarani, na madumu yake yaliuzwa na kila mwenye watoto. Samaki wa boti namba nne walipimwa, wakakutwa wazima.

Nilikwenda kumwona Chenge wodini siku ya tisa. Mkono umefungwa plasta, jicho la kushoto halipo, mbavu zimezungushwa bandeji. Nilimpelekea uji kwenye chupa. Nilidhani atanishukuru, sasa nifiche nini, njia nzima nilikuwa nimeandaa namna ya kumjibu kwamba si kitu, baba, ni wajibu wangu.

Nikamwamkia, akaitikia. Akanywa uji vijiko vitatu, akaniashiria niuondoe.

"Waliponivunja mkono waliniuliza nani aliendesha," akasema. Alikuwa anaongea kwa taabu, taya limevimba. "Nikasema sijui. Waliponitoa jicho wakaniuliza tena. Nikasema sijui. Yule Okeyo aliniuliza mara nne, mkamwana. Nilihesabu."

"Baba, Ndalahwa ndiye alikuwa anakupiga."

"Namjua aliyekuwa ananipiga. Nilimfundisha mimi kushika usukani." Akafumba jicho lililobaki. Nikadhani amelala, nikaanza kufunga chupa ya uji. "Ana watoto watatu yule," akasema.

Nikamwambia najua, majina yao niliyaandika mwenyewe.